Watu wa Njiani: Kazi ya Kuwafurahisha Watoto Karatu na Ngorongoro

Katika safari zetu tumeulizwa mara nyingi swali moja: "Ninyi mnaozunguka na watoto wenu mkiwachekesha watoto wa wenzenu, je, hiyo nayo ni kazi?" Leo twapenda kulijibu swali hilo kwa kueleza jinsi kazi yenyewe ilivyo, faida yake na gharama yake. Maana gharama iko, na aliye karibu kuilipa ni mtoto.

Sisi ni mume na mke na watoto watatu. Mali yetu ni motokaa moja kuukuu, ngoma mbili, mipira sita ya kurusha, mkeka mnene wa kupigia vichwangomba, turubai, na sanduku la vikaragosi, yaani wanasesere wa kuvaa mkononi. Mume hufanya sarakasi na kiini macho. Mke hupiga ngoma na kuwachezesha vikaragosi, naye ndiye bingwa wa hadithi.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa Uchina kujifunza sarakasi, na kwa ujuzi wao kikaundwa kikundi cha taifa. Baadaye, Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kikaendelea kuwafundisha wengine. Wala si jambo geni kazi ya namna hii kufanywa na jamaa nzima. Marehemu Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba aliyetoka Ugogo na kufariki mwaka 2003, aliishi Bagamoyo na jamaa yake kubwa, akawarithisha watoto wake na wa ndugu zake ufundi ule, nao wakaupeleka mbali.

Njia yetu ni hii. Kutoka Arusha twafuata barabara ya Dodoma hata Makuyuni, kisha twageuka magharibi mpaka Mto wa Mbu. Hapo barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likiwa chini upande wa kushoto, na baada ya mashamba ya ngano na mahindi twafika Karatu, kadiri ya kilometa 140 kutoka Arusha. Mbele yake liko lango la Lodoare, ndipo lami inapokoma. Kutoka hapo njia hupita msituni hata ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, shimo lenye upana wa kilometa 19 hivi na kina cha meta 600. Ukingoni ni juu ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni baridi yake huingia mifupani. Tena, usiku hairuhusiwi kusafiri ndani ya hifadhi. Kwa hiyo anayekwenda huko hana budi kuhesabu saa zake vema, asije akafungiwa lango na watoto wamelala garini.

Sasa tueleze onyesho lenyewe. Hatuanzi kwa ngoma, twaanza kwa hodi. Kwanza twaenda kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mwalimu mkuu, tukamweleza habari zetu na kuomba ruhusa. Kisha twachagua mahali ambapo jua litakuwa nyuma ya watoto, lisiwapige machoni. Wadogo huketi mbele, wakubwa nyuma. Onyesho halipiti saa moja, kwa kuwa mtoto aliyechoka hacheki, hulia. Kikaragosi chenye macho makubwa huwatisha wadogo. Basi twawaonyesha kwanza mkono mtupu, ndipo tukivae mbele yao. Na mwisho twaweka hadithi ya taratibu, ili roho zao zitulie, warudi kwao bila kukimbizana njiani.

Jambo gumu kupita yote ni lugha. Nchi hii ya Karatu na Ngorongoro ina ajabu yake: jamii nne za lugha za Afrika hukutana hapa. Waiiraqw husema lugha ya Kikushi. Wamaasai na Wadatoga husema lugha za Kiniloti. Kiswahili chetu ni cha Kibantu. Na Wahadza, walio kando ya Ziwa Eyasi, wana lugha yao ya kipekee isiyo na ndugu anayejulikana. Mtoto mdogo ambaye hajaanza shule aghalabu hajui ila lugha ya mama yake.

Hayo tuliyajua kwa kuaibika. Siku moja, katika kijiji kimoja cha upande wa Eyasi, mke alisimama akaita, "Paukwa!" Hakuna aliyejibu. Akaita tena, kimya. Mume akarusha mipira upesi ili kuificha aibu, na mmoja ukamwangukia kichwani. Loo! Watoto wote wakaangua kicheko. Basi akauangusha tena, safari hii kwa makusudi, akajifanya kuutafuta huku umekwama kati ya shingo na kanzu. Tangu siku ile robo ya kwanza ya onyesho letu haina neno hata moja. Kicheko kikishafungua mlango, maneno huingia nyuma yake, na mara nyingi mtoto mmoja mkubwa hujitolea kuwafasiria wenzake.

Tunaishije? Wenye hoteli za wageni wa Karatu hutulipa fedha kwa kuwachezea watoto wa wasafiri wanaokuja kuitazama Kreta. Fedha hiyo hununua petroli ya kwenda vijijini, ambako malipo huwa sarafu chache, mayai, maharage, au shukrani tu.

Sasa tufike kwenye gharama tuliyoitaja. Mwaka mmoja, binti yetu wa kwanza alipokuwa na umri wa miaka saba, tulisema moyoni, "Safari nayo ni shule, atafundishwa na dunia." Tukamtoa darasani majuma kadhaa, tukaenda naye. Katika shule moja, kabla ya onyesho, tulipita dirishani tukawaona watoto wa rika lake wakisoma ubaoni kwa sauti moja. Tulipogeuka kumtazama, hakuwapo. Tulimkuta nyuma ya motokaa ameketi juu ya sanduku la vikaragosi. Akauliza, "Baba, mbona wale wanajua, na mimi sijui?" Siku ile tuliwachekesha watoto wengi, lakini wetu hakucheka.

Tulirudi nyumbani tukapanga upya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka kila mtoto aliyefikia miaka saba aandikishwe shule na ahudhurie. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Lakini hata pasipo sheria, swali lile la mtoto lilitosha.

Sasa tumepanga nyumba Karatu, na watoto wetu husoma hapo. Shule zikiwa wazi, mzazi mmoja tu huenda mbali, naye hurudi kabla ya giza. Onyesho la mtu mmoja ni pungufu, nasi twalijua hilo. Tena mapato yamepungua. Shule zikifungwa, Juni na Desemba, twatoka sote, tukiwafuata watoto minadani na vijijini. Wetu hucheza wakipenda, si kwa zamu wala kwa ujira, na anayetaka kuketi na watazamaji huketi.

Basi, kwa mwenye kuuliza kama hii ni kazi, jibu letu ni kwamba ni kazi, tena ina kanuni zake kama kilimo na ufugaji. Anayetaka kuishika na ajifunze kupiga hodi, aseme kwa mwili kabla ya kusema kwa kinywa, na asimwache mtoto wake mwenyewe akilia nyuma ya motokaa wakati watoto wa wenzake wanacheka mbele yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, awe nyumbani au awe njiani.

Binti yetu sasa yu darasa la nne. Likizo iliyopita, huko ukingoni, yeye ndiye aliyewasomea watoto wa Kimaasai hadithi kitabuni, na rafiki yake mmoja akiifasiri. Sisi tuliketi nyuma tukasikiliza.