Tembo wa Tabora, migebuka ya Kibirizi: Mchoro wa sarafu unapimwaje?

Alfajiri mwalo wa Kibirizi, mitumbwi ya dagaa ikiwa ndiyo inarudi, chenji inatolewa gizagiza. Mama muuza dagaa hasomi maandishi ya sarafu, anaipapasa tu kwa kidole gumba. Mchoro unapimwa hapo kwanza, kabla mtaalamu yeyote wa sanaa hajasema lake.

Chukua shilingi 500 na 100. Ya 500, iliyoanza kutumika 2014, ina nyati: mnyama mmoja, mnene, anatambulika haraka. Ya 100 ina kundi la swala waliobanana. Ikiwa mpya inapendeza, ila ikishachakaa swala wanageuka madoa. Kwa kipimo hiki nyati kashinda.

Sababu ni ya kiufundi. Mchongo wa sarafu una kina cha chini ya milimita moja, na hauruhusiwi kupita ukingo, la sivyo sarafu hazipangiki na picha inasagika mapema. Pia pande mbili zinagombea madini yaleyale: ukichonga kichwa cha kiongozi kwa kina kirefu, upande wa pili unaweza kutoka hafifu. Kwa hiyo mchoraji mzuri ni yule anayejua cha kuacha.

Mfano bora wa ukanda huu uko kwenye reli ya kuja Kigoma. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walikuwa wamefungiwa bahari, hela kutoka kwao hazifiki. Karakana ya reli Tabora ikapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilitoka kama 16,000 hivi. (Mwaka huohuo waliizamisha meli yao hapa Kigoma, ile iliyokuja kuitwa Liemba.)

Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Mlima unajaza nafasi ya juu na kumpa tembo ukubwa. Kazi safi, kwa karakana ya treni! Kasoro ni moja: mlima wenyewe husemwa ni Kilimanjaro, ambao Tabora hauonekani hata kwa darubini.

Wakusanyaji wanailipia bei kubwa kuliko dhahabu yake, ndiyo maana za bandia zimejaa. Anayeletewa aipime kwanza: halisi ina gramu 7 na kidogo. Kisha atazame ngozi ya tembo na herufi ndogo ya T. Zikiwa zimelainika kama sabuni wakati ukingo bado mpya, aachane nayo.

Je, Kigoma ikipata sarafu yake ya kumbukumbu, ichorwe nini? Wengi watataja mgebuka. Shida yake ni mwembamba na mrefu, duara litabaki tupu juu na chini. Christopher Ironside, aliyechora senti 5 ya 1966, alikwepa tatizo hilo kwa kuchagua sulisuli, samaki wa baharini ambaye pezi lake limesimama kama tanga na kujaza nafasi. Mgebuka hana pezi hilo. Labda wawili, kichwa kwa mkia, wakizunguka duara. Liemba nayo ni ndefu, na madirisha yake yote yangeishia kuwa vitone visivyosomeka kwa kidole.