Mkato Wataka Mahali Pake

Hebu, msomaji, utazame wasia huu niliojibunia: "Shamba apewe Omari akirudi kutoka Unguja nyumba iuzwe." Ukituliza pumzi baada ya Omari, shamba ni lake tangu leo, na nyumba ndiyo ingojayo safari yake. Ukituliza baada ya Unguja, Omari hana shamba mpaka arudi, na nyumba yauzwa sasa hivi. Aliyeandika keshazikwa. Nani wa kumwuliza alipumua wapi? Ndugu watafikishana kwa kadhi kwa ajili ya tone la wino lisilozidi punje ya ufuta.

Shuleni hufundishwa kwamba kishazi tegemezi kikitangulia hufuatwa na mkato, na kikija nyuma aghalabu hauhitajiwi. Twaandika, "Mvua ikinyesha, hatutweki tanga," lakini, "Hatutweki tanga mvua ikinyesha." Kanuni ni njema. Taabu ni kwamba wengi wameizoea katika Kiingereza, ambamo kishazi hicho kwa kawaida huongozwa na neno la peke yake. Basi hungoja waone "ingawa" au "kwa kuwa" ndipo waukumbuke mkato. Kiswahili kina maneno hayo, lakini mara nyingi hukificha kiungo tumboni mwa kitenzi: -ki-, -po-, -sipo-. Asiyechungulia humo ataandika, "Baba alipokula mama alikuwa jikoni," na jirani wakimbilie kumwokoa mama. Mkato baada ya "alipokula" wamponya.

Kwa sisi tuliopitia chuoni, jambo hili si geni. Misahafu mingi ina herufi ndogo juu ya mstari: mim yaamuru kusimama, lam-alif yakataza, jim yatoa hiari. Tena ziko nukta tatu tatu mahali pawili palipokaribiana. Ukisimama pa kwanza, pa pili upite. Wanazuoni walizitia alama hizo baadaye ili kumwongoza msomaji, kwani pumzi ikikatwa pasipostahili maana huweza kupinduka. Mtoto akikosea hapo, mwalimu humrudisha nyuma asome tena.

Watungaji wa tenzi walioandika kwa herufi za Kiarabu hawakuutegemea mkato huu wa Kizungu. Mizani 8 zikitimia, kina chenyewe humwambia msomaji apumue. Nathari haina mlezi kama huyo. Barua, hati ya shamba, habari ya gazeti, zote zaenda bila kina.

Linalonikera zaidi, na magazetini limejaa, ni mkato baada ya "kwamba": "Waziri alisema kwamba, barabara itajengwa." Hapo umekata mkono na kitu ulichoshika! Vivyo hivyo "Ingawa, mvua ilinyesha." Mkato hungoja kishazi kiishe: "Ingawa mvua ilinyesha, mashua ziling'oa nanga."

Wako wasemao kwamba kishazi kifupi chaweza kwenda bila mkato. Nakubali, "Ukifika niamshe" haimpotezi mtu. Lakini kitenzi kikikaribiana na nomino isiyo yake, kama yule mama na chakula cha baba, mkato si pambo.

Ama wasia wa Omari, hapo hata mkato nisingeuamini. Wino hufifia, na mchwa hawachagui. Ningeandika sentensi mbili.