Elimu: Mchezo wa kuchagua njia, somo la jiografia lisilohitaji kompyuta

Wanafunzi wengi mashariki mwa Kongo wanaweza kutaja majimbo yote 26 ya nchi bila kukosea. Lakini ukiwauliza mchele wa Maniema unapita wapi kufika Kisangani, wengi wananyamaza. Majina wameyashika kichwani, njia hawaijui. Mchezo wa kuchagua unaweza kusaidia hapo, na mwalimu anaweza kuuandaa kwa karatasi na kalamu tu.

Kanuni yake ni nyepesi. Mwanafunzi anapewa safari, pesa kidogo na mzigo. Katika kila kituo anasoma hali ilivyo, kisha anachagua moja kati ya njia mbili au tatu. Kila chaguo linampeleka kwenye karatasi nyingine yenye matokeo yake.

Kutoka Kindu hadi Kisangani

Mfano ni mfanyabiashara anayetoka Kindu na magunia ya mchele. Akipanda boti, Lualaba inampeleka karibu kilomita 300 hadi Ubundu. Hapo anaulizwa: uendelee kwa maji, au ushushe mzigo? Anayechagua maji anapoteza kila kitu, kwa sababu kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, ambayo boti haiwezi kuyapita. Anayeshusha mzigo anakutana na reli ya kilomita 125 hivi, iliyomalizika mwaka 1906 kwa ajili ya kuyazunguka maporomoko hayo. Lakini treni haipo kila siku. Asubiri, au alipe pikipiki?

Akifika Kisangani, anawakuta Wagenya wanaovua samaki kwa vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye miti katikati ya maji makali. Anajifunza pia kwamba kuanzia hapo mto unapitika tena kwa meli hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1.700. Mtoto aliyepoteza mchele wake Ubundu hasahau tena kwa nini mji wa Kisangani uko pale ulipo.

Nani anaandika mchezo?

Njia hii ya kufundisha si mpya. Mwaka 1971, huko Minnesota, Marekani, walimu vijana watatu walitengeneza The Oregon Trail, mchezo wa wahamiaji waliokuwa wakienda magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Wanafunzi waliucheza kwa mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta ya mbali, bila skrini. Baadaye ulienea katika shule nyingi za nchi hiyo.

Lakini ulilaumiwa: wenyeji wa ardhi ile walionekana pembeni tu mwa safari ya wengine. Mwaka 2019 kulitoka When Rivers Were Trails, ulioandikwa na waandishi wa jamii za wenyeji wenyewe. Humo mchezaji ni Mwanishinaabe aliyefukuzwa kwenye ardhi yake Minnesota katika miaka ya 1890, anayesafiri hadi California. Nchi ni ileile, lakini anayesimulia amebadilika, na somo likabadilika naye.

Funzo hilo linaigusa Kongo moja kwa moja. Mchezo kuhusu Wagenya ulioandikwa bila kuwauliza Wagenya utawafanya kuwa picha ya watalii. Tena katika eneo ambalo chuki ya kikabila imemwaga damu, hatari ni kubwa zaidi: karatasi inayosema "kabila hili ni wezi" au "wale si wa hapa" inaingiza sumu darasani.

Kwa hiyo kazi inaweza kuanza na wanafunzi wenyewe. Wawaulize wazee, wavuvi, mama wa sokoni na madereva: mnapita wapi, mnalipa nini, mvua ikinyesha mnafanyaje, mgeni anasalimiwa vipi kwenu? Majibu hayo ndiyo yanakuwa karatasi za mchezo. Mwalimu ahakikishe kwamba kila jamii inayotajwa imesomewa yaliyoandikwa juu yake kabla hayajaingia darasani.