Ile Ndege Imebeba Nini?

Uko shambani, Muheza. Unapalilia mihogo. Mara unasikia mngurumo juu ya minazi. Watoto wanaacha kazi na kukimbilia mahali pa wazi. Wanapunga mikono na kupiga kelele, "Ndege! Ndege!" Wewe unainua macho kidogo, kisha unaendelea na jembe lako. Ndege zimekuwa nyingi. Nani atazitazama zote?

Lakini siku nyingine mtoto anakuja na swali. "Babu, mbona ile inarudi-rudi? Imepita hapa mara nne." Unatazama. Kweli, ndege inakwenda moja kwa moja, inageuka, inarudi kando ya njia yake ya kwanza, inageuka tena. Haitui mahali popote. Sasa na wewe unataka kujua. Ile ndege inafanya nini? Imebeba nini?

Kutambua ndege si jambo gumu. Mvuvi wa Kigombe akiona chombo mbali baharini hangoji kifike pwani. Kwa umbo lake tu anajua kama ni mashua au ni ngalawa. Kisha anatazama mwendo wake, anajua kama watu wanavua au wanarudi nyumbani. Ndege nazo ni vivyo hivyo. Tazama umbo, halafu tazama mwendo.

Kuna neno moja la kukumbuka. Tukisema "ndege anaruka" tunamtaja yule mwenye manyoya. Tukisema "ndege inaruka" tunaitaja ile ya chuma. Hapa tunazungumza zaidi juu ya ndege ya chuma. Yule mwenye manyoya naye atakuja baadaye, na habari yake si ndogo.

ZIJUE KWANZA ZA KILA SIKU

Huwezi kumtambua mgeni kama huwajui wenyeji.

Ndege ndogo iliyozoeleka Tanga ni ya aina ya Cessna Caravan. Hubeba abiria kumi na wawili hivi. Mabawa yake yako juu ya mwili. Ina injini moja tu, na pangaboi moja puani. Magurudumu yake hayakunjwi. Yananing'inia wakati wote, hata ikiwa juu angani. Ndege za namna hii huvuka bahari kwenda Pemba na Unguja.

Kuna ndege kubwa zaidi zenye pangaboi mbili, moja kila upande. Hizi huruka kati ya Dar es Salaam na miji mingine ya nchi. Zipo za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Aina ya kwanza ni Dash 8, ambayo hutumiwa na Air Tanzania. Aina ya pili ni ATR, ambayo hutumiwa na Precision Air. Zote mbili zina mabawa juu ya mwili. Utazitofautishaje? Tazama magurudumu wakati ndege inapotua. Ya Dash 8 yana miguu mirefu, nayo hushuka kutoka chini ya injini, kwenye mabawa. Ya ATR ni mafupi, hutoka ubavuni, karibu na tumbo. Ukishaliona jambo hili mara moja, hutalisahau.

Halafu kuna ndege za jeti. Hizi hazina pangaboi la nje. Nyingine hupita juu sana, kama mita 10,000, hata huzisikii. Unaona mstari mweupe tu. Watu wengine hudhani ule ni moshi, au ni dawa inayomwagwa. Sivyo. Asubuhi ya baridi huko Lushoto, mwezi wa Julai, ukipumua unaona mvuke mbele ya mdomo wako. Injini ya jeti nayo hutoa hewa ya moto yenye mvuke. Kule juu ni baridi kupita barafu. Mvuke unaganda na kuwa chembe ndogo sana za barafu, na chembe hizo ndizo mstari. Hewa ya juu ikiwa kavu, mstari hupotea upesi. Ikiwa na unyevu, mstari hukaa na kutanuka kama wingu.

Kitu kingine cha kutazama ni herufi. Kila ndege ya kiraia imeandikwa herufi ubavuni, na nyingi zimeandikwa chini ya bawa pia. Ndege ya Tanzania huanza na 5H. Ya Kenya huanza na 5Y, na ya Uganda 5X. Umejifunza kusoma barua na magazeti. Basi ndege ikipita chini, isome nayo.

MELI YENYE MABAWA

Pwani yetu imepitiwa na ndege za ajabu tangu zamani. Mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza kuleta huku ndege zilizotua majini. Tumbo la ndege hizo lilikuwa kama la mashua, na juu ya mabawa zilikuwa na injini nne. Zilitoka Uingereza kwenda Durban, Afrika Kusini, na safari ilichukua siku kadhaa. Zilitua Kisumu kwenye Ziwa Victoria, zikatua bandarini Mombasa, kisha Dar es Salaam na Lindi. Hazikuhitaji uwanja. Maji yalikuwa ndiyo uwanja wao.

Chukua ramani uweke kidole Mombasa, kisha ukivute mpaka Dar es Salaam. Kidole chako kinapita Tanga na Pangani. Mtu aliyekuwa akivua kwenye pwani hii miaka ile aliweza kuona meli ikipita juu ya kichwa chake.

Mwaka 1946 shirika la ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi. Lilianza na ndege ndogo ziitwazo Dragon Rapide. Hizi zilikuwa za mbao na kitambaa, na kila upande zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo Tanzania ikaanzisha shirika lake.

NDEGE ILIYOBEBA NZI

Lakini kwa maoni yangu, hakuna ndege iliyobeba mzigo wa ajabu kuliko ile ya miaka ya 1994 hadi 1997. Ndege hiyo ilichukua mzigo Tanga na kuupeleka Unguja. Mzigo wenyewe ulikuwa nzi. Tena si nzi wa kawaida. Walikuwa mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, wale wanaowauma ng'ombe na kuwaambukiza ugonjwa wa nagana.

Mtu akisikia hivi atauliza, "Je, wana akili hawa? Kupeleka mbung'o mahali ambapo mbung'o wanaua ng'ombe?" Swali hilo ni la haki. Sikiliza jinsi kazi ilivyofanyika.

Kabla ya hapo ng'ombe wa Unguja walipakwa dawa, na vitambaa vyenye dawa vilitundikwa porini ili kuwaua mbung'o. Mbung'o walipungua sana, lakini hawakuisha. Katika vichaka na msitu wa Jozani bado walikuwapo. Wakibaki wachache, huzaana tena.

Sasa tazama desturi ya mbung'o. Jike hupandwa mara moja tu, au mara chache sana, maishani mwake. Tena hazai kwa wingi kama nzi wa chooni. Huzaa buu mmoja kwa wakati mmoja. Wataalamu wakafikiri hivi: jike huyo akipandwa na dume tasa, hatazaa kabisa. Madume tasa wakiwa wengi kuliko madume wa porini, uzazi utakoma.

Basi katika taasisi ya utafiti wa mbung'o iliyokuwa Tanga, mbung'o walifugwa kwa wingi kama kuku. Hawakuwekewa ng'ombe wa kuuma. Walipewa damu ya ng'ombe chini ya utando mwembamba, wakainyonya kana kwamba wanauma ngozi. Madume wakapigwa mionzi. Mionzi ni nguvu isiyoonekana, ni jamaa ya ile inayotumika hospitalini kupiga picha ya mifupa. Mionzi hiyo haikuwaua, ila iliwafanya tasa. Dume wa mbung'o naye huuma, si jike peke yake. Kwa hiyo kabla ya kuachiwa walilishwa damu iliyotiwa dawa, ili wasieneze nagana.

Kisha wakatiwa katika vijiboksi vya karatasi ngumu na kupakiwa katika ndege ndogo. Ndege ikavuka bahari. Ilipofika Unguja ilikwenda kwa mistari, ikageuka, ikarudi, huku vijiboksi vikiangushwa na madume kutoka nje. Mtu aliyekuwa chini, asiyeelezwa jambo lolote, angeshtuka sana. Angeona ndege inarudi-rudi na kuangusha vitu. Angeokota kijiboksi akute mbung'o ndani! Ndiyo maana kazi kama hii haifai kufanywa kabla watu hawajaambiwa.

Madume zaidi ya milioni 8 waliachiwa kwa njia hiyo. Kazi ilifanywa na serikali pamoja na mashirika mawili ya kimataifa, lile la nguvu za atomiki na lile la chakula na kilimo, yaani FAO. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Mwaka 1997 ikatangazwa kwamba Unguja haina mbung'o tena. Wafugaji waliogopa zamani kuleta ng'ombe wa maziwa wa kisasa, kwa sababu nagana ingewamaliza. Sasa wakaweza kuwafuga.

Huenda utauliza, kwa nini isifanyike hivyo hivyo huku bara? Unguja ni kisiwa. Mbung'o wakishaisha, bahari inawazuia wengine wasije. Ukimaliza mbung'o wa pori moja la Handeni, wa pori la jirani watahamia wiki hiyo hiyo.

KWENDA NA KURUDI

Kwa hiyo turudi kwa yule mtoto na swali lake. Ndege ya abiria hupita na kwenda zake. Ndege inayokwenda na kurudi kwa mistari ina kazi na ardhi iliyo chini yake.

Huenda inahesabu wanyama. Kazi hiyo ilifanywa Serengeti mwaka 1958 na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kutoka Ujerumani. Ndege yao ndogo ilipakwa rangi ya milia kama pundamilia. Herufi zake zilikuwa D-ENTE, na neno Ente kwa Kijerumani ni bata! Januari 1959 Michael alikuwa akiirusha peke yake. Aligongana na tumbusi angani, ndege ikaanguka, naye akafa. Kuruka chini-chini polepole ni kazi ya hatari.

Au huenda inapiga picha za kuchora ramani. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, ambazo wengi huziita droni. Zile zilikuwa nyepesi hata mtu huzirusha kwa mkono. Ukisikia mlio kama wa nyuki wengi na usione kitu kikubwa, tafuta droni.

Au huenda inamwaga dawa. Hapa usisimame kutazama.

Ndege hunyunyiza dawa ya kuua nzige, kama ilivyokuwa mapema mwaka 2021 nzige wa jangwani walipoingia wilaya za kaskazini kama Simanjiro na Longido. Pia hunyunyiza dawa ya kuua kwelea kwelea, na huyu ndiye yule ndege mwenye manyoya niliyemtaja. Kwelea mmoja huweza kula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo sana. Lakini wakija milioni moja, ni tani 10 kwa siku, na mpunga wako umo humo.

Dawa ya kwelea humwagwa jioni jua linapokuchwa, wakati wamekusanyika kulala. Kijiji kikitangaziwa, fuata tangazo. Ingiza watoto ndani. Ondoa mifugo karibu na mahali hapo. Funika visima na mitungi ya maji. Matone yakikupata, vua nguo na uoge kwa sabuni. Mtu akianza kutapika, kutokwa na jasho jingi au kuona ukungu machoni, mpelekeni zahanati mara moja, na mweleze mganga kwamba kulikuwa na dawa.

Asubuhi utakuta kwelea wengi wamekufa chini. Nyama ya bure! Watu huwaokota, huwanyonyoa na kuwakaanga. Wengine hata huwapeleka sokoni. Usifanye hivyo. Kwelea aliyenaswa kwa wavu ni kitoweo. Kwelea aliyekufa kwa dawa ana sumu ile ile iliyomuua, na kukaanga si dawa ya sumu. Usimpe mbwa wala kuku. Wakusanyeni wazikwe, kama bwana shamba atakavyoelekeza.

ANDIKA KATIKA DAFTARI

Ukiona ndege usiyoijua, iandike siku hiyo hiyo. Andika saa, mabawa, injini, magurudumu, herufi kama umezisoma, na mwendo wake. Ikiwa inarudi-rudi juu ya mashamba na hamkutangaziwa kitu, peleka daftari lako kwa mwenyekiti wa kijiji. Maneno ya mdomo hubadilika njiani. Yaliyoandikwa yatafika kama yalivyo. Kwa mfano:

Jumanne. Saa 3 asubuhi. Ndege ndogo. Mabawa juu. Injini moja. Magurudumu yananing'inia. Herufi 5H, nyingine sikuziona. Imetoka upande wa Handeni, imepita mara moja tu, imeelekea baharini. Nadhani inakwenda Pemba.