Kuosha Kuta za Nje za Nyumba Mombasa Bara

Kuta za nje za nyumba za Likoni, Kisauni na Changamwe huchafuka kwa mambo manne makubwa: kuvu, chumvi, vumbi pamoja na moshi, na madoa ya kutu, ndege na wadudu. Kila uchafu una chanzo chake na dawa yake, na dawa inayouondoa mmoja huweza kuuzidisha mwingine. Ndiyo maana kazi ya kuosha huanza kwa kuutambua ukuta na kilichoushika, kabla ya ndoo kujazwa maji.

Ukuta umejengwa kwa nini

Nyumba nyingi za bara hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa machimboni au kwa matofali ya saruji, kisha hupigwa plasta na kupakwa rangi ya maji. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na hunywa maji kwa urahisi. Sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, madini yaleyale yanayochomwa kupata chokaa. Hayo ndiyo mawe yanayotumiwa kutengeneza saruji katika kiwanda cha Bamburi, kilichoanza kuzalisha mwaka 1954. Kwa hiyo jiwe, plasta na chokaa ya kupaka vina udhaifu mmoja: vyote huliwa na asidi.

Hapa ndipo ushauri wa kigeni unapopotosha. Huko Marekani na Kanada nyumba nyingi huvikwa vipande virefu vya plastiki ya vinyl, na ukungu mwepesi juu yake huoshwa kwa siki, sehemu 3 za siki kwa sehemu 7 za maji. Plastiki hiyo haidhuriki. Ukuta wa matumbawe hudhurika. Asidi ya kusafishia vyoo ni kali zaidi: tone moja likianguka juu ya jiwe tupu, povu hutoka papo hapo. Povu hilo ni gesi ya kaboni dioksidi, na ni ishara kwamba jiwe linayeyuka. Siki, ndimu na asidi ya aina yoyote visitumike kuoshea ukuta wa aina hii.

Nyumba za fito na udongo zilizopigwa plasta huhitaji uangalifu wa peke yake. Maji yakipenya kwenye ufa, udongo ulio ndani hulainika na plasta hubanduka vipande vizima. Ukuta kama huo hufagiliwa, kisha hupanguswa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri. Kuta za mabati huoshwa kwa sabuni na maji tu, kwa kuwa klorini huharakisha kutu.

Kuvu na utando wa kijani

Madoa meusi na ya kijani ni viumbe hai, na huota mahali palipo na unyevu na kivuli. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini. Katika miezi hiyohiyo masika hunyesha na pepo za kusi huleta unyevu wa bahari moja kwa moja kwenye ukuta huo. Hii ndiyo sababu nyumba inaweza kuwa nyeupe upande wa mbele na nyeusi upande wa nyuma, ingawa rangi ni moja na fundi ni mmoja. Anayekagua nyumba yake aanzie upande wa kusini, chini ya madirisha, nyuma ya tangi la maji na mahali miti inapougusa ukuta.

Kuvu jeusi hufanana na masizi. Kuna jaribio jepesi la kuvitofautisha: tone la Jik, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hutiwa juu ya doa. Likififia ndani ya dakika moja au mbili, ni kuvu. Likibaki jeusi vilevile, ni moshi au vumbi, na klorini haitasaidia kitu.

Kwa kuvu, sehemu 1 ya Jik huchanganywa na sehemu 3 za maji. Mchanganyiko hupakwa kwa brashi laini au kupulizwa kwa bomba dogo la mkono, ukaachwa kwa dakika 10 hadi 15 bila kukauka, kisha ukuta husuguliwa taratibu na kusuuzwa. Kuvu lililosuguliwa bila kuuawa hurudi msimu ufuatao, kwa sababu mizizi yake imebaki ndani ya vitundu vya rangi na plasta.

Chumvi

Unga mweupe unaotokea sehemu ya chini ya ukuta, ukifuatana na rangi inayovimba na kupukutika, ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe yakiwa yamebeba chumvi. Yanapofika juu ya plasta hukauka, chumvi hubaki, na chembe zake zikikua huisukuma rangi mpaka ing'oke. Chumvi haioshwi kwa maji mengi, kwani huyeyuka na kurudi ndani, kisha hutoka tena ukuta ukikauka. Hufagiliwa kavu kwa brashi ngumu ya nailoni, unga huzolewa na kutupwa mbali na msingi, na zoezi hurudiwa kila unapotokea. Tiba ya kudumu ni kuzuia maji yasipande: kuondoa udongo uliorundikana ukutani, kurekebisha bomba linalovuja, na kuelekeza maji ya mvua mbali na nyumba.

Vumbi na moshi

Changamwe hupitiwa na malori ya bandarini mchana na usiku. Moshi wa dizeli huacha utando wenye mafuta, na vumbi la barabara hunata juu yake. Maji matupu hupita juu ya utando huo bila kuung'oa. Kinachohitajika ni sabuni: vijiko vichache vya sabuni ya unga katika ndoo ya lita 20, au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.

Karibu na machimbo na mahali panapojengwa, Kisauni na kwingineko, vumbi huweza kuwa na saruji. Vumbi la namna hii lisilowekwe kwanza, maana saruji ikipata maji hushika na kuwa gamba gumu. Ukuta hufagiliwa ukiwa mkavu kabisa, kwa ufagio wa chelewa uliofungwa kwenye mti mrefu, ndipo uoshwe.

Madoa mengine

Michirizi ya kahawia chini ya vyuma vya madirisha ni kutu. Kuosha mchirizi na kukiacha chuma hakufai; chuma husuguliwa kwanza, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na ukuta hufuatia. Kinyesi cha kunguru na mijusi hulowekwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mpaka kilainike, kwa kuwa kikikwanguliwa kikavu huchubua rangi. Vijia vya udongo vinavyopanda kutoka ardhini ni vya mchwa. Visifutwe tu kwa ajili ya usafi: ni habari kwamba mchwa wanalielekea paa na mbao za milango, na dawa yao hutangulia kuosha.

Maji na wakati

Visima vingi vya bara hutoa maji ya chumvi. Maji hayo yakikauka ukutani huacha weupe, na huongeza chumvi ndani ya jiwe. Kwa kuwa maji matamu mara nyingi hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwenye mkokoteni, mtu hulazimika kupanga. Maji ya kisima huweza kutumika kwa kusugua, lakini suuzo la mwisho liwe la maji matamu au ya mvua iliyokingwa.

Wakati unaofaa zaidi ni Januari na Februari, vuli ikiwa imekwisha na kaskazi ikikausha kuta kwa haraka. Wengi huosha na kupaka rangi kwa ajili ya Idi, nayo huhama kila mwaka. Ikiangukia masika, ni heri kuosha peke yake na kuahirisha rangi, kwa maana rangi juu ya ukuta mbichi huvimba. Katika siku yenyewe, ukuta uoshwe ukiwa kivulini: wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri. Jua kali hukausha dawa kabla haijafanya kazi.

Mpangilio wa kazi

Kwanza madirisha hufungwa, taa na soketi za nje hufunikwa na umeme wake kuzimwa. Bomba linaloingiza maji ya paa kwenye tangi huchomolewa. Mimea iliyo chini ya ukuta humwagiwa maji mengi ili isinyonye klorini. Kisha ukuta hufagiliwa wote.

Dawa au sabuni hupakwa kuanzia chini kwenda juu. Ikianzia juu, michirizi hutiririka kwenye sehemu kavu na kuacha alama ambazo haziondoki kirahisi. Ikikuta ukuta umekwisha kulowana, huteleza bila alama. Kusuuza ndiko huanzia juu kwenda chini. Ni vyema kushughulikia kipande cha mita 2 au 3 kwa wakati na kukimaliza kabla ya kuanza kingine.

Brashi iwe ya nailoni. Brashi ya waya huchana rangi, na vipande vyake vinavyobaki hushika kutu. Mashine ya presha, kama ile ya kuoshea magari, husukuma maji ndani ya mawe na kung'oa plasta iliyolegea. Ikibidi itumike, iwe kwa presha ndogo na mkondo mpana, kwa umbali usiopungua nusu mita, wala isielekezwe kwenye nyufa.

Jik haichanganywi kamwe na asidi wala na dawa yenye amonia, kwa kuwa michanganyiko hiyo hutoa gesi zenye sumu zinazounguza mapafu. Mwoshaji avae glavu na miwani, na maji machafu yasielekezwe kisimani.

Baada ya kuosha

Ukuta ulioachwa ukauke kwa siku kadhaa huonyesha hali yake halisi. Kiganja kikipitishwa juu yake kikatoka na unga wa rangi, rangi imechakaa na inahitaji kupakwa upya. Kikitoka safi, rangi bado ni nzima na kuosha kulitosha. Ukuta wa kusini huhitaji kuoshwa mara moja kwa mwaka, na ule wa kando ya barabara kuu pengine mara mbili. Kuta nyingine huweza kungoja miaka miwili. Muda huo hurefuka miti ikipogolewa, mifereji ya paa ikizibuliwa kabla ya masika, na changarawe ikitandazwa chini ya ukuta ili matone ya mvua yasirushe tope.