Kano ya Paja Ndani ya Goti

Wagonjwa wengi wakiambiwa gegedu la goti limeharibika, huuliza: si mnitoe kano mahali pengine mnipandikize, kama alivyofanyiwa yule mchezaji? Mchezaji wanayemtaja, mara nyingi, hakuwekewa gegedu. Alikatika ligamenti ya katikati ya goti, na kano ikachukua nafasi yake. Hiyo ni kazi ya kuvuta, na kano imeumbwa kuvuta. Gegedu hubanwa, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Goti lina gegedu la aina mbili. Lipo lile jeupe, laini, lililofunika ncha za mifupa kwa unene wa milimita 2 hadi 4 hivi. Halina mishipa ya damu, ndiyo maana likiliwa halijirudishii. Kisha zipo meniski mbili, zenye umbo la mwezi mwandamo, zilizokaa kati ya mfupa wa paja na muundi. Kazi yake ni ile ya ngata chini ya ndoo ya maji: kuusambaza uzito usikae sehemu moja. Kwa miaka mingi meniski iliyochanika ilikatwa ikatupwa, hadi mwaka 1948 daktari Mwingereza Fairbank alipoonyesha kwa picha za eksirei jinsi magoti hayo yalivyobadilika baadaye: nafasi ya kiungo imepungua, mfupa umebapa.

Mwaka 1984, mjini Munich, Ujerumani, madaktari walianza kupandikiza meniski za watu waliofariki. Njia hiyo inatumika hadi leo, lakini inahitaji benki ya tishu na kipande kinacholingana na goti la mgonjwa, vitu ambavyo nchi nyingi hazina. Ndiyo maana wazo la kutumia kano ya mgonjwa mwenyewe linanivutia sana.

Inayochukuliwa huwa ni kano ndefu ya msuli wa nyuma ya paja. Daktari anachana kidogo upande wa ndani, chini ya goti, anaivuta kano kwa kindoano, kisha anapitisha chombo chenye kipete kinachoiambaa kuelekea juu hadi inachomoka. Mezani anaikwangua mabaki ya nyama na kushona ncha zake. Halafu, kwa kamera, huizungusha pale meniski ilipokuwa, ncha mbili zikiingia kwenye matundu yaliyotobolewa mfupani, na ukingo ukishonwa kwenye ukuta wa kiungo.

Kano na meniski zote zimesukwa zaidi kwa protini iitwayo kolajeni, ya aina ya kwanza. Tena mwili wenyewe huweza kuigeuza kano: kano inayopinda nyuma ya kifundo cha mguu, pale inapobanwa na mfupa, huota tishu inayofanana na gegedu. Lakini kano iliyohamishwa hukosa damu kwanza, chembe zake nyingi hufa, na mpya huingia polepole kwa miezi. Wakati huo ni dhaifu, na inaweza kusukumwa nje ya nafasi yake. Madaktari wa Stockholm, Uswidi, ni miongoni mwa waliojaribu njia hii, kwa wagonjwa wachache. Kwa maoni yangu bado ni jaribio, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Kwa gegedu lile jeupe, kano si dawa. Kolajeni ya gegedu hilo ni aina ya pili, na huko tiba ni nyingine, kama kukuza chembe za mgonjwa maabara na kuzirudisha gotini. Madaktari wa Gothenburg, pia Uswidi, walichapisha matokeo ya wagonjwa 23 wa njia hiyo mwaka 1994.

Kwa hiyo ukiambiwa meniski imechanika, muulize daktari bingwa kabla ya kutia sahihi: mchaniko uko wapi? Ukiwa kwenye ukingo wa nje, ambako damu inafika, pengine unaweza kushonwa. Utatembea na magongo muda mrefu kuliko aliyekatwa meniski, na mazoezi tiba yatakuchosha, lakini utabaki na meniski yako.