Mguu Unatibiwa, Moyo Je? Ushauri Nasaha kwa Wanariadha Waliojeruhiwa

Mwanariadha akiumia kano ya kisigino, jamaa na kocha humkimbiza kwa daktari, kisha kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ni vyema. Hata hivyo, lipo jeraha la pili lisiloonekana kwenye eksirei.

Hapa Iten, mbio ni kazi. Aliyekaa nje miezi mitatu hana zawadi ya pesa, ilhali kodi ya nyumba na karo ya wadogo wake hazingoji. Kila alfajiri husikia vishindo vya wenzake wakipita barabarani. Akianza kukosa usingizi, kukasirika ovyo, kujitenga au kunywa pombe, asiambiwe ajikaze tu. Anahitaji msaada.

Asipoupata, hutafuta njia ya mkato. Wapo wanaorejea mazoezini kabla ya kupona na kuumia upya. Wengine hudungwa sindano za kutuliza uvimbe bila kuuliza ni dawa gani. Tangu Januari 2022, sindano zote za glukokotikoidi haziruhusiwi wakati wa mashindano, na mabaki yake yanaweza kukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Haraka ya siku chache inaweza kuzaa marufuku ya miaka.

Mshauri nasaha hufanya nini basi? Humsaidia mwanariadha kutaja hofu yake, hasa ile ya kukanyagia mguu ulioumia. Humpangia malengo madogo: leo kutembea, wiki ijayo kukimbia polepole kwa dakika kumi. Humfundisha pia kutuliza pumzi na kuipitia mbio akilini. Kazi hii ianze pamoja na fiziotherapia, si baada yake. Makocha nao wasimwondoe kambini. Anaweza kuwapimia wenzake muda.

Subira hulipa. David Rudisha, aliyesoma na kufanya mazoezi papa hapa Iten, alikosa Mashindano ya Dunia ya Moscow mwaka 2013 kwa sababu ya goti. Mwaka 2015 alitwaa dhahabu ya dunia jijini Beijing, na 2016 akatetea taji lake la Olimpiki la mita 800 kule Rio.

Ulizia ushauri nasaha katika hospitali ya umma iliyo karibu, au mwombe mhudumu wa afya ya jamii akuelekeze. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kupitia 1199. Mwanariadha akisema hataki kuishi tena, msimwache peke yake. Pigeni simu saa hiyo hiyo.